Siku Bomba la Mtaa Wetu Lilipokataa Kukauka

Asubuhi ile mkamwana wangu aliondoka bila kunywa chai, na asiyemfahamu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Huyu ni mwanamke aliyechelewesha harusi yake mwenyewe kwa sababu hajamaliza kikombe. Lakini siku ile alivaa ovaroli, akakaza kamba za viatu, akazifungua, akazikaza tena, akabana kofia yake ngumu ya njano kwapani na kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mama," akaniambia, "nakuomba kitu kimoja. Leo usinihurumie mbele za watu."

"Nani akuhurumie? Toka mlangoni, unanizibia mwanga."

Akacheka kidogo, akatoka. Hakwenda mbali. Kazi yake siku ile ilikuwa hapa hapa mtaani, mbele ya kizingiti chetu.

Mkamwana wangu ni fundi wa mabomba ya gesi. Mtaani wanamwita Bi Spana, maana spana yake kubwa haimtoki. Hata sokoni utamkuta nayo imechomoza kwenye kikapu katikati ya vitunguu. Ndiye msimamizi wa kikosi kidogo cha kampuni ya gesi, hiyo inayotuletea gesi majumbani kwa mabomba yaliyopita chini ya barabara. Mumewe, mwanangu, anaendesha lori la masafa marefu, leo yuko huku, kesho kule, kwa hiyo nyumba yetu imesimama juu ya mabega ya binti huyu. Na kazi yenyewe anaipenda. Akiona bomba limeungwa vizuri hulipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.

Basi serikali ikapitisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi. Tulielezwa kwenye mkutano wa mtaa, tumekaa kwenye madawati ya shule, magoti yamegusa videvu. Mtaalamu akasema dunia inazidi kupata joto, mvua hazijui tena msimu wake, na gesi yetu ni mmoja wa wakorofi. Ikiungua ina ubaya wake. Lakini ikitoroka mbichi, bila kuungua, inalifunika anga kama blanketi zito, na joto la dunia linakosa pa kutokea. Kwa hiyo kampuni imeagizwa kupunguza mabomba yake mtaa kwa mtaa. Kila nyumba itapewa jiko la umeme, kisha bomba la mtaa litafungwa, litakaushwa, litakatwa. Na katika kulikausha, hata pumzi moja ya gesi isiachiwe hewani. Yote iunguzwe.

Hapo ndipo palipomgusa mkamwana wangu. Mabomba yakipungua, mafundi nao wanapungua. Kampuni ilisema itabaki na vikosi vichache tu, ivifundishe kazi mpya ya kufunga mitambo ya jua ya kuchemshia maji juu ya mapaa. Watakaobaki ni wale wanaofunga mtaa kwa usafi, mbele ya mkaguzi wa serikali, siku ile ile iliyopangwa. Kikosi cha Bi Spana kilikwishateleza. Mtaa wa kwanza waliopewa, kiungo kimoja kibovu kilivuja, mkaguzi akasikia harufu. Wakaambiwa wana nafasi moja tu. Wakivurunda tena, kikosi kinavunjwa na kila mtu anarudisha kofia yake stoo.

Nafasi hiyo moja ikaangukia mtaa wetu.

Siwezi kusema tulifurahia kuachana na gesi. Tulikuwa na moto mzuri sisi. Mitaa mingine walilalamika moto wao unasinzia, wetu ulisimama wima, wa bluu, unavuma. Na aliyejivunia moto huo kuliko wote ni shoga yangu wa nyumba ya pembeni, tunayemwita Mama Honi kwa sababu ya sauti yake. Akimwita mumewe, mbwa wa mtaa wa nyuma wanasimama. Hadithi yake tuliijua kama tunavyojua milango yetu. Zamani moto wa mtaa huu ulikuwa dhaifu. Yeye akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisini kwa kampuni, akagonga meza ya meneja.

"Nikampasha! Nikamwambia, baba, mimi napikia moto au napikia mshumaa? Haikupita wiki, moto ukasimama!"

Kila mgeni lazima aisikie. Mumewe, Fundi Saa, mtu mpole anayetengeneza saa kwenye meza yake barazani, huwa ameinamisha kichwa akitabasamu, kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni, akisikiliza utadhani ndiyo mara ya kwanza.

Siku hiyo, jua likiwa limeshapanda, Bi Spana na wenzake walifunga koki kuu kwenye shimo la mwanzo wa mtaa. Kisha akasimama katikati ya barabara, kofia kichwani, akapaza sauti.

"Wazazi wangu, shikamooni! Koki kuu imefungwa. Gesi iliyobaki bombani ni kidogo sana. Naomba kila mwenye jiko la gesi aliwashe, vichomeo vyote, mbandike chochote. Moto utapungua wenyewe mpaka uzimike. Ukizimika kwako, funga jiko, uniite. Sidhani kama hata chai itachemka."

"Chochote?" akauliza kinyozi wa mkabala na kwetu. "Hata maji matupu?"

"Hata maji matupu, baba."

"Na bili?" Huyo Mama Honi, dirishani.

"Hakuna bili leo, mama. Hii ni gesi ya kuagana."

Sasa hapo mkamwana wangu aliteleza ulimi. Mtaa wetu ukiuambia kitu ni cha bure, umewasha moto mwingine kabisa. Milango ikafunguka, masufuria yakaanza kulia. Mimi nilibandika birika la chai upande mmoja, maharage upande wa pili, viazi upande wa tatu, na kwenye kichomeo kidogo cha nyuma nikaweka maji ya kuoga, kwa sababu tu nafasi ilikuwepo. Kinyozi alichemsha taulo zake zote. Mwalimu mstaafu aliyeko mwisho wa mtaa alibandika mifupa ya supu.

Mkaguzi wa serikali aliketi barazani kwetu. Alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili, akakiweka magotini kifaa chake chenye pua ndefu ya kunusia gesi.

"Samahani bibi, nimekuvamia kibarazani. Bomba likishakauka nitapima, watakata, nami nitaondoka zangu."

"Vamia, mwanangu. Chai inakuja."

Chai ikachemka. Nikamimina. Tukanywa. Nikarudi jikoni kutazama moto nikaukuta umesimama vile vile, wima, wa bluu, unavuma.

Viazi vikaiva. Nikavitoa, nikabandika vitunguu. Kinyozi akapita na kapu la taulo zinazofuka moshi. "Mama, kwako umezimika?"

"Bado."

"Na kwangu bado. Nichemshe nini sasa? Mashuka?"

Bi Spana alikuwa anapita mlango kwa mlango, na kila mlango uso wake ulikuwa mrefu kidogo kuliko mlango uliopita. "Bado, mwanangu." "Bado kabisa." "Huku ndiyo kwanza unanguruma!" Akamtuma mwenzake mwembamba, Kijiti, arudi shimoni akaikaze koki kuu. Kijiti akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akasema koki imefungwa kufungwa, haina hata unywele wa nafasi. Wakaingia wengine shimoni, wakaipaka povu la sabuni kutafuta kama inapitisha. Povu halikutoa hata kiputo kimoja.

Mchana ukaingia. Maharage yakaiva. Maharage, jamani! Chakula kinachotia watu njaa kwa kuchelewa, kikaiva kwa gesi tuliyoambiwa haitoshi chai. Watu wakaanza kutoa nafaka za akiba kabatini. Furaha ikawa kubwa, mtaa mzima unanukia vitunguu, watu wanabadilishana mabakuli kupitia madirishani. Mama Honi akatoka barazani mikono kiunoni.

"Mnaona? Nilimwambia meneja yule sitaki moto wa mshumaa. Ameuweka moto ambao hata yeye mwenyewe hawezi kuuzima!"

Watu wakacheka. Mimi nikamtazama mkamwana wangu amesimama kando ya shimo, nikaona hacheki. Simu yake ililia, akageukia ukutani. "Ndiyo, bosi... Hapana, bosi, bado... Natambua, bosi." Akaiweka mfukoni, akaja hadi barazani, akaongea na mkaguzi kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado yapo.

"Jua likizama bomba bado lina gesi, inakuwaje?"

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta. "Dada yangu, kulikata likiwa na gesi huruhusiwi. Kuiachia hewani huruhusiwi. Ikifika jioni nitalazimika kuandika kwamba haikuwezekana."

"Na mimi ndio nimekwisha."

Mkaguzi akairudisha miwani usoni, akainamia kifaa chake. Alikuwa na adabu kweli.

Bi Spana akakaa kwenye ngazi yetu, akachora bomba la mtaa mchangani kwa ncha ya spana. Akalitazama. Akalifuta. Akalichora tena. Mara akainuka kama aliyechomwa sindano.

"Koki kuu ni nzima. Maana yake gesi inaingia kwa mlango mwingine, mlango ambao ramani haiujui. Na ikiwa inaingia kupitia nyumba ya mtu, basi mita ya nyumba hiyo itakuwa inazunguka kinyumenyume. Inaleta, badala ya kupeleka!"

Akarudi katikati ya barabara. "Wazazi wangu! Nawaomba tena! Kila mtu akatazame mita yake. Mle kwenye kidirisha kuna kigurudumu kidogo. Niambieni kinaelekea wapi, kulia au kushoto!"

Sijawahi kuona mtaa ukishangilia mita namna ile. Watu waliokaa nazo miaka yote, wakazitundikia mifagio na mifuko ya nailoni, sasa wakawa wamepiga magoti mbele yake.

"Changu kulia!"

"Na changu kulia!"

"Changu hakionekani, buibui ametanda!"

"Mfute huyo buibui, baba!"

"Kulia! Kulia, na kinakimbia!"

Katika kelele hizo nikasikia sauti ya upole kutoka barazani kwa Fundi Saa: "Na chetu kulia. Kulia kabisa."

Nikageuka. Alikuwa ameketi mezani kwake, kioo jichoni, saa ya mtu imefunuliwa tumbo mbele yake. Hakuwa amenyanyuka. Mita yao iko nyuma ya mlango wa jikoni, na hata ungekuwa na shingo ya twiga, kutoka barazani huwezi kuiona.

Nilimsogelea kwa kisingizio cha kumpelekea bakuli la maharage. Nikiliweka mezani nikaiona mikono yake. Fundi Saa ana mikono safi kuliko ya daktari. Chembe moja tu ya vumbi kwenye saa ni kesi. Lakini siku ile viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa kutu, na kimoja kimechubuka.

"Shemeji," nikasema, "siku hizi unatengeneza saa za chuma chakavu?"

Akaificha mikono chini ya meza.

Sikumharakisha. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikachukua ungo wao wa mchele uliokuwa hapo nikaanza kuuchambua. Mchele ulikuwa safi, lakini mtu akichambua mchele hakuna anayemuuliza ataondoka saa ngapi. Fundi Saa akagusa skrubu. Akaiweka. Akaigusa tena. Mle ndani Mama Honi alikuwa anaimba akikoroga kitu.

"Yule binti wako," hatimaye akasema, "wakishindwa leo, kweli watamfukuza?"

"Yeye na wenzake wote."

Akavua kioo chake jichoni. Kilimwachia duara, akaonekana kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Shemeji, mimi ndiye."

"Wewe ndiye nini?"

"Mlango usio kwenye ramani."

Akanieleza kwa kunong'ona. Nyumba yao ya pembeni zamani ilikuwa nyumba mbili zilizogusana migongo. Ya mbele inatazama mtaa wetu, ya nyuma inatazama mtaa wa nyuma, na aliishi humo mama yake. Alipooa akavunja ukuta, zikawa nyumba moja yenye majiko mawili, kwa sababu mama mkwe na mkwe hawakukubaliana hata namna ya kukata kitunguu. Gesi ya mtaa wa nyuma ilikuwa na nguvu. Ya kwetu ilikuwa ya kusinzia. Basi ikawa kila siku mama anaivisha mapema, anakaa barazani anauliza kwa sauti kama huko kwingine wanapika au wanaota moto.

"Mke wangu alikuwa analia, shemeji. Analia jikoni, anasema ni moshi. Moshi gani kwenye gesi?"

Siku moja wanawake wote wawili wakaenda harusini. Fundi Saa akalivuta bomba kutoka upande wa mama yake hadi upande wa mkewe, akaliunga nyuma ya kabati, akarudisha kabati mahali pake. Yeye ni mtu wa magurudumu na kamani za saa, hakujua kwamba gesi haitaishia jikoni kwa mkewe. Ilipita kwenye mita, ikatoka nje, ikaujaza mtaa mzima.

"Kwa hiyo moto wetu wote..." nikasema.

"Ulipita kwenye mita ya mama yangu. Bili ya upande ule ilikuwa haishikiki. Nikajiambia ndiyo gharama ya amani."

"Na mita ya upande huu ilikuwa inarudi nyuma! Msomaji wa mita hakuuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia mke wangu hapendi kupika."

Ilibidi niing'ate kanga yangu nisicheke. "Sasa kwa nini hukusema asubuhi?"

"Nilitaka nifunge mwenyewe kimya kimya koki ya upande wa mama. Imeshika kutu, haitikisiki." Akanionyesha viganja. "Faini siogopi, shemeji. Lakini wiki ile niliyounga bomba ndiyo wiki aliyokwenda kumpasha meneja. Alirudi akakuta moto umesimama. Alicheka! Sijawahi kumwona anacheka vile. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele. Sasa mimi nisimame nimwambie nini? Kwamba meneja hakufanya kitu?"

Humo ndani wimbo ulikuwa umekatika. Hatukujua umekatika lini.

Mama Honi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi unadondosha mchuzi kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi. Fundi Saa akanyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena.

"Rudia," Mama Honi akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea kwa sauti ya mtu wa kawaida. Iliogofya.

"Mke wangu..."

"Uliuvuta moto wa mama yako ukanipa mimi?"

"Nilivuta kidogo tu..."

"Mama yako! Ambaye ukikohoa unamwomba ruhusa! Ambaye kila tukigombana ulikuwa unasema 'mvumilie, ni mama'!"

"Nilikuwa nasema hivyo, ndiyo."

"Kumbe huku unasema mvumilie, huku umemkata moto?"

"Sikumkata. Nilimpunguzia."

Mama Honi akamtazama. Mimi nikainamia ungo wangu, nikachambua mchele ambao hauna jiwe. Nilitegemea mwiko uruke. Badala yake nikasikia kitu kama kikohozi, kisha kama mluzi, kisha kicheko chake chote kikatoka, kile cha kusimamisha mbwa.

"Na mimi miaka yote naringia meneja! Kumbe ni wewe! Ni wewe, mtu mzima na hereni yako ya kioo jichoni, ulikuwa upande wangu na hukusema!" Akamshika shati begani akamtikisa, mchuzi wa mwiko ukampaka hadi kolani. "Mbona hukusema, mume wangu?"

"Ulikuwa umefurahi," Fundi Saa akajibu.

Nikajua hapo ndipo pa kuondoka. Lakini sikuwahi hata kuinuka, maana Mama Honi alishakanyaga barabara.

"BI SPANA! Njoo na hiyo spana yako! Kigurudumu chetu kinakwenda kushoto! Kushoto kabisa! Mume wangu aliniungia bomba!"

Wapishi wote wakatoka. Mkamwana wangu akaja mbio, Kijiti nyuma yake, mkaguzi nyuma ya Kijiti akiwa amekumbatia kifaa chake kama mtoto mchanga. Nikawasimulia kwa ufupi. Mama Honi akawasimulia kwa urefu. Fundi Saa akamkabili mkaguzi, mikono yenye kutu imening'inia.

"Mwanangu, kosa ni langu. Binti huyu hana hatia. Unipeleke panapohusika."

Mkaguzi aliingia jikoni. Aliinama nyuma ya mlango akatazama mita, akakiona kigurudumu kinakwenda kushoto taratibu, kinyume na mtaa mzima. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemtoka puani.

"Baba, kwa ramani yetu gesi ilitakiwa iwe imekwisha asubuhi. Fundi mwingine angesema hayo ni mabaki tu, angechoka kusubiri, angekata. Msumeno, cheche, na gesi ya mtaa wa nyuma inasukuma." Akaifuta pua. "Sheria iko wazi. Kiungo kisichojulikana kikitajwa na mwenyewe kabla ya kukata, anashukuriwa, kinafungwa, basi. Kikigundulika baada ya kukata, hapo ndipo tunapelekana."

"Anashukuriwa?" Mama Honi akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Mume wangu, unashukuriwa na serikali!"

Lakini jua lilikuwa limeshaanza kuteremka nyuma ya mapaa. Bi Spana hakusubiri shukrani. Alipita nyumba nzima hadi jikoni kwa marehemu mama mkwe, ambako siku hizi wanaweka masanduku, akaiona koki yenye kutu. Akaipaka mafuta. Akaigonga kidogo hapa, kidogo pale. Akaweka spana, akaweka na uzito wake wote. Koki haikutikisika. Kijiti akamshika kiunoni avute naye. Kinyozi akamshika Kijiti. Fundi Saa akamshika kinyozi. Wakavuta, ikatoka sauti mbaya kama jino linalong'oka, wote wakaangukia masanduku. Koki ilikuwa imegeuka.

"Imefunga!" Bi Spana akapiga kelele kutoka chini ya miguu ya watu. "Mama! Kaangalie moto!"

Nikakimbia kwa mbio zangu hizi. Jikoni kwangu vitunguu vilikuwa vinachemka bado. Nikavitoa nipate kuuona moto vizuri. Ulikuwa umesimama. Kisha ukashuka kidogo, kama mtu anayekunja magoti. Ukawa duara dogo la bluu, ukachungulia rangi ya machungwa pembeni, ukarukaruka, ukasema "pu", ukaisha. Nikafunga kichomeo. Nikasikia kwa kinyozi, "Umezimika!" na kwa mwalimu mstaafu, "Na huku!" na sauti zikafuatana mlango kwa mlango hadi mwisho wa mtaa. Halafu pakawa kimya, maana ule mvumo wa moto tuliokuwa tumeuzoea ndio ulikuwa umetutoka masikioni.

Jioni ilikuwa bado ina mwanga wa kutosha. Mkaguzi akaingia shimoni, akaingiza pua ya kifaa chake kwenye tundu la bomba. Sote tulikuwa tumezunguka shimo, mabakuli mkononi. Akasubiri. Akakitikisa kifaa, akarudia, akasubiri tena.

"Kavu," akasema.

"Sema tena, mwanangu, mimi ni mzee," nikamwambia, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Kavu kabisa, bibi. Wakate."

Bi Spana alichukua msumeno mwenyewe. Aliukata ule mfupa wa mtaa wetu polepole, kwa mkono, unga wa chuma ukimwagika juu ya viatu vyake, na kipande kilipodondoka alikiinua juu kwa mikono miwili, tupu, unaona anga upande wa pili. Mtaa ukapiga makofi, na Mama Honi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika ofisini kwa meneja.

Mkaguzi akampa mkono. Alisema ataandika kwamba hiki ndicho kikosi kilichosubiri wakati kingeweza kukata. Simu ikalia tena. Safari hii mkamwana wangu hakugeukia ukutani. Aliibonyeza tukasikia sote.

"Nimeambiwa limekauka," bosi akasema. "Hongera. Hiyo gesi ilikuwa inatoka wapi?"

Bi Spana akawatazama majirani zetu wa pembeni. Mama Honi alikuwa anamsugua mumewe kola kwa pindo la kanga, naye ametulia kama mtoto anayeoshwa.

"Kwa mtu na mkewe, bosi. Nitakueleza nikija."

"Njoo Jumatatu, wewe na kikosi chako chote. Mnaanza mafunzo ya mitambo ya jua. Kuna yeyote kwenu anayeogopa kupanda paa?"

Wote wakamgeukia Kijiti. Kijiti alikuwa anafuta msumeno ambao ulishakuwa safi.

"Nani, mimi? Paa sina ugomvi nalo," akasema. "Naogopa ngazi tu."

Mkamwana wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia, kofia imemwangukia puani. "Bosi," akasema akijifuta macho, "tutakuja wote. Kijiti tutampandisha kwa kamba."